Kijana, Mchumba Wake, na Wakati wa Vita

(Somo hili lilisomwa katika redio kwa ajili ya madarasa ya jioni ya watu wazima. Kiongozi wa kikundi alisome polepole, asimame kila sehemu inapokwisha, na maswali ya mwisho yazungumzwe na wote.)

  

Majuma mawili yaliyopita nilikwenda kulitazama darasa moja la jioni huko Tandika, Wilaya ya Temeke. Nilikuta wanasoma kwa sauti hadithi ya kubuni. Hadithi yenyewe ilieleza vita ambavyo havikupata kutokea: nchi imeshambuliwa ghafula, wazazi hawapo, na mvulana na msichana wa miaka 15 hivi wanakimbia porini. Huko wanapendana, wanakula matunda ya mwitu, wanatenganishwa na askari, na mwisho wa kitabu wanaonana tena. Wasomaji waliipenda sana. Ilipokwisha, msichana mmoja wa miaka 17, ambaye mchana anajifunza ushonaji, akanyosha mkono.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sema."

"Hawa wa kitabuni waliandikiwa waonane. Je, vita vikitufikia hapa Temeke, mimi nitampataje wangu?"

Darasa zima likacheka, lakini yeye hakucheka. Mimi nami sikuwa na jibu la papo hapo, nikamwambia, "Nitakujibu redioni." Basi somo la leo ni jibu lake.

Najua yuko mzee hapo darasani anayesema moyoni, "Mapenzi ya watoto yana nini na elimu ya watu wazima?" Mzee wangu, naomba univumilie. Mwisho wa somo nitakuwa na neno na wewe pia, tena huenda neno lako likawa zito kuliko la huyo binti.

1. Habari ya mama yangu mkubwa

Wengi tunasema kwamba Dar es Salaam haijui vita. Ni kweli kwamba vita vya Kagera vilipiganwa mbali na hapa, zaidi ya kilomita 1,000. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia katika mkoa ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi, na ambao sasa ni Kagera. Yalishika nchi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Rais Nyerere akalitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga adui ipo, nia ipo, na uwezo upo. Jeshi letu halikuwa kubwa. Likajazwa na vijana wa mgambo na wa Jeshi la Kujenga Taifa, pamoja na polisi na askari magereza, mpaka hesabu ikapita watu 100,000.

Sasa jiulize, hao vijana wa mgambo walitoka wapi? Walitoka vijijini, na walitoka Kinondoni, Magomeni, Keko na Temeke. Walikuwa na mama zao, na wengine walikuwa na wachumba ambao mama zao hawakuwajua.

Mmoja wa wachumba hao alikuwa mama yangu mkubwa. Mwaka 1978 alikuwa na miaka 17, anakaa Temeke kwa baba yake. Mvulana alikuwa na miaka 19, anajifunza useremala huko Keko. Walijuana bombani, walipokuwa wakipanga ndoo, na kwa mwaka mzima hawakuonana mahali pengine ila hapo bombani, maana babu yangu alikuwa mtu mkali, na binti aliyeonekana amesimama na mvulana alijua kitakachompata. Waliahidiana kwamba mvulana akipata kazi ya mshahara atatuma wazee kuposa. Hakuna mtu wa tatu aliyelijua jambo hilo.

Mvulana akachukuliwa mwezi wa Novemba. Siku ya kuondoka walipanda malori asubuhi, na watu walikuwa wengi wakiwaaga. Mama mkubwa alisimama nyuma ya wanawake wengine, akapunga mkono kama wote.

Barua zilikuja tatu, zote kwa mama wa kijana, kwa sababu hiyo ndiyo anuani aliyoweza kuandika bila kumletea binti fimbo. Huyo mama hakujua kusoma, kwa hiyo mdogo wake kijana, wa darasa la sita, alimsomea barazani. Mama mkubwa alikuwa akienda hapo na kisingizio cha kuomba chumvi. Siku hizo chumvi, sukari na sabuni vilikuwa shida kweli, hata kuomba hakukumshangaza mtu. Kila barua iliishia kwa maneno haya: nisalimieni majirani wote, hasa wa upande wa bombani. Wengine waliyasikia kama salamu za kawaida. Yeye alijua ni zake, akarudi nyumbani na chumvi yake.

Baada ya mwezi wa Februari 1979 barua hazikuja tena. Tarehe 11 Aprili majeshi yetu yakauteka mji wa Kampala, na watu wa Temeke wakatoka njiani wakiimba. Mama mkubwa naye aliimba. Alihesabu kwamba sasa itakuwa miezi miwili, mitatu, atarudi. Vita vikaisha mwanzo wa Juni.

Habari zilikuwa zimekwisha kufika tangu Mei kwa mama wa kijana, lakini siku hiyo binti alikuwa ameuguza mgonjwa kwa shangazi yake Kinondoni, na aliporudi alizipata bombani kutoka kwa mwanamke aliyekuwa mbele yake katika mstari. "Yule fundi mdogo wa Keko hayupo tena. Matanga yaliisha juzi." Akajaza ndoo yake, akajitwisha, akaenda nyumbani kupika ugali.

Nilipomwuliza mama mkubwa, ambaye sasa ana miaka zaidi ya 60, ni kitu gani kilichomwumiza kuliko vyote, nilidhani atasema kifo. Alisema hivi: "Mwanangu, kifo ni cha Mungu. Mimi niliumia kwa kuwa sikupewa pole. Nilikwenda kumwona mama yake nikakaa mkekani kama binti wa jirani. Nililia kidogo, kama jirani anavyolia. Ningelia zaidi wangeniuliza, wewe unamlilia nani?"

Wengi wa askari wetu waliokufa katika vita hivyo wamezikwa Kaboya, Wilaya ya Muleba, na kila mwaka taifa linawakumbuka mashujaa wake. Mama mkubwa baadaye aliolewa na mtu mwema, akazaa, akalea. Halalamiki. Lakini Kaboya hajafika, kwa maana hajui atamwambia nani kwamba anakwenda kwa sababu gani.

2. Jambo tunalojifunza

Msomaji, tuliangalie jambo hili kwa utulivu. Hadithi za kubuni hutufundisha kwamba wapendanao wakipendana kwa nguvu, pendo lenyewe litawakutanisha. Katika vita vya kweli mambo hayaendi hivyo. Kinachowakutanisha watu ni habari, na habari hupita kwa watu wanaojulikana. Jeshi humpelekea habari mzazi, mke au mume. Kambi ya wakimbizi humwandika mtu pamoja na jamaa zake. Muuguzi humwuliza majeruhi, "Tumwite nani?" Mchumba wa siri hayumo katika orodha hizo zote. Mwenzake akifa hataambiwa, na akipona hatajua ni hospitali gani.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa binti wa Tandika ni hili: mtafute mtu mzima mmoja anayewajua nyote wawili. Si lazima awe baba. Anaweza kuwa shangazi, bibi, mama mdogo, au mwalimu. Neno moja tu, "Shangazi, yupo kijana fulani, kwao ni mahali fulani," linatosha kukuingiza katika hesabu ya watu.

3. Msiba hauhitaji vita

Huenda unasema, "Lakini hatuna vita." Nakukumbusha tarehe 29 Aprili 2009. Siku hiyo, mchana, ghala la mabomu la jeshi lililipuka Mbagala, katika wilaya hii hii ya Temeke. Watu zaidi ya 20 walikufa na mamia wakaumia. Watu walikimbia bila kujua wanakwenda wapi, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 mambo yakawa vile vile Gongo la Mboto, na maelfu ya watu wakapata hifadhi Uwanja wa Uhuru. Waliokuwa vijana wakati huo wanakumbuka. Mtu alikimbilia upande mmoja, na aliyempenda akakimbilia upande mwingine.

"Lakini sisi tuna simu," utasema. Simu ni chombo kizuri sana, ila usiiwekee roho yako yote. Mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipouingia mji wa Goma katika Kongo, umeme na maji vilikatika, na simu isiyo na umeme ni kama kigae. Na hapa kwetu, siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, machafuko yalipotokea, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Vijana wengi wa Kinondoni na Temeke waligundua siku hizo kwamba hawana namba ya mtu yeyote kichwani. Namba zote zilikuwa ndani ya simu, na mazungumzo yao yote yalikuwa ya intaneti.

4. Pendo, na kitu kinachojiita pendo

Sasa nina neno gumu kidogo, nalo linawahusu wasichana hasa. Wakati wa vita kuna mambo mengi yanayovaa nguo za mapenzi.

Usiku wa kuingia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi wa LRA waliivamia shule ya wasichana ya St. Mary's iliyoko Aboke, kaskazini mwa Uganda, wakawachukua wanafunzi 139. Naibu mkuu wa shule, mtawa Mwitaliano aitwaye Rachele Fassera, hakungoja. Alifuata nyayo zao porini pamoja na mwalimu mmoja, John Bosco Ocen, akawakuta waasi, akawaomba. Wakamrudishia wasichana 109. Wakabaki 30. Hao waligawiwa wakubwa wa waasi, wakaitwa wake zao. Wengi walitoroka mmoja mmoja katika miaka iliyofuata, na baadhi hawakurudi kamwe. Muda wote huo wazazi wao walikuwa wakiyataja majina yao mbele ya serikali na mbele ya dunia, wasikubali yasahauliwe.

Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoko The Hague, ilimhukumu kamanda mmoja wa LRA, Dominic Ongwen, kifungo cha miaka 25. Yeye mwenyewe alitekwa akiwa mtoto, akielekea shuleni. Miongoni mwa makosa aliyopatikana nayo ni kuwalazimisha wanawake na wasichana kuwa wake. Mahakama haikukubali kwamba ile ilikuwa ndoa. Basi shika neno hili: mtu mwenye bunduki, au mwenye gunia la unga, akimwambia msichana mwenye njaa "nakupenda," hilo si pendo, na msichana aliyekubali ili aishi hana kosa la kuaibishwa nalo. Akirudi nyumbani apokewe.

Iko pia hatari ndogo zaidi, nayo hutoka kwetu wenyewe. Vita au njaa inapokuja, wazazi huogopa, wakamwoza binti haraka ili apate mlinzi. Vijana nao huogopa, wakaoana usiku kabla mmoja hajaondoka. Msifanye hivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, lakini Mahakama Kuu mwaka 2016, na kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilisema kwamba ruhusa hiyo inapingana na Katiba. Mwenye miaka 17 anaweza kupenda. Ndoa ingoje. Ahadi inayojulikana kwa watu wawili watatu wenye akili inaweza kungoja miaka miwili bila kuoza.

5. Mambo matano ya kutenda

Kiongozi wa kikundi, hapa uandike ubaoni.

Kwanza, mtu mzima mmoja awajue. Tumekwisha kueleza kwa nini.

Pili, shika namba tatu za simu kichwani, uzikariri kama ulivyokariri hesabu ya kuzidisha. Kisha ziandike katika kipande cha karatasi pamoja na jina lako kamili na mahali wanapokaa jamaa zako, ukiweke mfukoni au ukishone katika pindo la nguo.

Tatu, patane mapema na jamaa zako mahali pa kukutania. Pawe pawili: pamoja karibu, kama uwanja wa shule au mti mkubwa unaojulikana na wote, na pengine mbali, kama kijiji cha wazee wenu, endapo mji mzima hauingiliki.

Nne, hatari ikitokea, nenda na watu ulio nao wakati huo. Usijitenge na jamaa zako ukarudi motoni kumtafuta mpenzi wako. Naye akikupenda atakuwa anafanya hivyo hivyo, anakwenda na watu wake. Wawili wanaotafutana ovyo hupishana njiani. Wawili waliopatana mahali na mtu wa kuacha habari, hata mwezi ukipita, watasikizana.

Tano, ukifika mahali pa usalama, jiandikishe kwa jina lako la kweli, na uulize wahudumu wa Msalaba Mwekundu. Chama hiki kina kazi ya kuwatafuta waliopotezana, na Tanzania kinaifanya pia katika makambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, kama Nyarugusu. Wanayo barua fupi inayoitwa ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Barua hii huachwa wazi bila kufungwa, na huandikwa habari za jamaa tu: ni mzima, niko mahali fulani, fulani yuko nami. Mambo ya jeshi na siasa hayaruhusiwi ndani yake. Huchukuliwa kwa mkono kutoka kambi hata kambi, na mara nyingine kutoka nchi hata nchi. Lakini angalia: barua hiyo hutaka jina kamili la mpelekewa, na la jamaa zake, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Ikiwa unamjua mpenzi wako kwa jina la utani tu, kama wengi mlivyo, barua yako haitakwenda popote. Basi mwulizeni leo jina la baba yake na la kijiji chao.

6. Neno kwa wazazi

Sasa mzee wangu, ahadi yangu kwako. Umesikia habari ya mama yangu mkubwa, na huenda ukasema kosa ni lake, kwani alificha. Mimi nasema alificha kwa sababu mlango ulifungwa. Babu yangu hakuwa mtu mbaya. Alidhani kwamba ukali wake unamlinda binti yake, na kweli alimlinda na mambo mengine. Lakini hakujua kwamba ndani ya nyumba yake, kwa miezi saba, mtoto wake alikuwa akingoja habari za askari, na kwamba siku ile aliyopika ugali alikuwa amefiwa. Alimkemea kwa kuwa ugali ulikuwa mbichi.

Hatusemi kwamba uruhusu kila jambo. Kataza linalostahili kukatazwa. Lakini acha mlango mmoja wazi, hata kama si wewe mwenyewe unayesimama mlangoni. Mwambie dada yako, au mama yako, "Watoto wakiwa na jambo, wakuambie wewe, nami sitakuuliza." Desturi hiyo si ngeni. Zamani bibi na shangazi walikuwa na kazi hiyo, na mjini tumeiacha kwa sababu shangazi yuko Kinondoni na sisi tuko Mbagala. Sasa nauli ya basi ni ndogo, na simu zipo.

Na wewe binti wa Tandika, ikiwa unanisikia: sikuahidi kwamba utampata wako. Hakuna mwalimu awezaye kuahidi hivyo. Ninachokuahidi ni kwamba, ukifanya haya matano, lolote litakalompata litakufikia, na lolote litakalokupata wewe litamfikia. Mama mkubwa aliponisikiliza nikilisoma somo hili kabla ya kulileta redioni, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo tu lingenitosha."

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Taja namba tatu za simu bila kutazama simu yako. Ni wangapi katika darasa wameweza?
2. Nyumbani kwenu mmepatana kukutana wapi ikiwa hatari itatokea mchana, watoto wakiwa shuleni na wewe kazini?
3. Katika jamaa yenu, kijana akiwa na mchumba, ni nani anayeweza kuambiwa bila hofu? Kama hakuna, ni nani angefaa?
4. Msichana aliyetekwa akarudi na mtoto, jamaa na majirani wampokee namna gani? Elezeni matendo, si maneno tu.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kuhifadhi vyeti na karatasi za nyumba. Mpaka hapo, kwaherini.